Viazi vya Mwaka Ule

Mwaka ule, kisiwani Chiloé, mvua haikumsikiliza mtu.
Ilinyesha Machi, ikanyesha Aprili,
na viazi vyetu vilikuwa bado ardhini
siku daktari alipomwambia mama
kwamba damu ya Anselmo imejaa askari
wasiomjua adui.

Mama akafunga sanduku kwa kamba.
Baba akambeba mtoto pamoja na blanketi lake,
wakapanda feri kwenda Puerto Montt.
Mimi, wa miaka tisa, nikaachwa kwa Doña Otilia,
mwanamke mwenye maneno machache kuliko meno,
na meno yake yalikuwa manne.

Watu walikuja. Hakuna aliyekosa utu.
Walisimama mlangoni, kofia mkononi:
"Mkihitaji chochote, tuambieni."
Chochote!
Mzigo gani huo kumtwika mtu asiyelala.
Mama alipiga simu kutoka hospitali, sauti imekwaruza:
"Nihitaji nini, Otilia?
Hata leo ni siku gani sijui."

Don Heriberto hakusema "chochote".
Hakusema kitu.
Husemwa mgeni apewe jembe siku ya tatu;
yeye alikuja nalo begani, Jumamosi, kabla hakujapambazuka,
na nyuma yake akina Barría, na dada wawili wa Cárcamo,
na hata Evaristo,
aliyenuniana na baba miaka sita kwa ajili ya ua.

Wakachimba.
Viazi vya zambarau, vyeusi, vyenye nundu
kama vidole vya bibi aliyefuma sufu maisha yake yote.
Evaristo alimaliza matuta manne bila kuinua uso,
akaenda zake bila kunywa chai.
Ua ule haujanyooshwa hadi leo.

Ng'ambo, baba alilala kitini, viatu miguuni.
Mfagiaji wa zamu ya usiku, jina lake Zunilda,
ndiye aliyemwonyesha bomba la maji ya moto
na saa ambayo mlinzi hupitiwa na usingizi,
mama apate kufua soksi na kuzianika juu ya kipasha joto.
Hilo halikuandikwa kwenye kadi ya dawa.

Na huku dukani, shuleni, kanisani:
"Anselmo anaendeleaje?"
Nikajifunza kujibu kama redio.
Anaendelea. Anaendelea.
Hata mwalimu, akinirudishia daftari lenye makosa kumi na moja:
"Msalimie Anselmo."

Usiku mmoja Otilia alikuwa akinichana nywele,
mkono mgumu, kichana kimepungua meno kama yeye.
Akasimama katikati ya fundo.
"Na wewe?"

Nililia mpaka supu ikapoa.
Hakunifuta machozi. Aliongeza kuni.

Mnataka kujua kama alipona.
Aliishi miaka mitatu zaidi, na mitatu si haba:
alijifunza kupiga mbinja,
akavunja dirisha la Evaristo kwa jiwe,
na Evaristo hakudai kioo.
Alipofariki, magunia ya viazi yakajipanga tena mlangoni,
hayana jina,
isipokuwa moja lililoshonwa kwa uzi mwekundu
ambao kijiji kizima kilijua ni wa nani.

Jana, upande wa pili wa barabara,
taa ya akina Paillán iliwaka usiku kucha.
Asubuhi gari la hospitali likaja, likaondoka na baba yao.
Nikavuka na kapu tupu.
Mlango ukafunguka nusu.
"Lete nguo chafu," nikamwambia mke wake,
naye akaniangalia kama mtu aliyesahaulishwa neno "nguo",
kisha akaenda kuzileta.

Nyuma ya mlango alikuwepo mvulana,
sare ya shule, mguu mmoja peku.
Nikachuchumaa.
"Na wewe?"

Akasema kiatu kimoja hakionekani.
Tukaanza kukitafuta.