Dumu Tupu

Jumapili tulimpeleka Bibi Somoe ufukweni Shangani,
bajaji mbili, sufuria la ming'oko ya kuchemsha,
na dumu la njano la lita ishirini, tupu,
kizibo kimekazwa kwa koleo.

Tangu kibarazani aliuliza:
Hilo dumu mwalipeleka wapi?
Kuogelea, Bibi, akajibu Tamimu.
Akanyamaza kama mtu aliyeambiwa
kwamba jembe linakwenda harusini.

Ameshuka kutoka Newala kwa ajili ya shingo.
Daktari wa Ligula aliiinua picha dirishani,
akazihesabu pingili, akarudia kuzihesabu.
Mama, ulikuwa ukibeba nini?
Maji.
Na nini kingine?
Maji tu.

Siku hiyo bahari ilitulia kama uji uliopoa.
Maji yalikuwa yakijaa, lakini kwa adabu,
yakigusa ndala za watu na kurudi nyuma.
Wanawake wameingia na madira yao, yamevimba kama vitumbua.
Mtoto mmoja amemzika baba yake mchangani mpaka kidevuni,
akamwachia mkono mmoja
apokelee simu.

Bibi akasimama pale mchanga unapoanza kuwa mgumu.
Mkono wake wa kulia ukafanya ulichozoea:
ukashika pindo la khanga, ukasokota, ukaviringa,
na kata ikakaa utosini
kabla mwenyewe hajajua.
Tulicheka. Naye alicheka,
ila hakuivua.

Nani anayachota haya?
Hakuna, Bibi. Yana chumvi.
Akachovya kidole, akaonja, akatema.
Mengi hivi, akasema,
na yote yameharibika.

Kisha, bila kututazama, akatusimulia
kuhusu saa nane za usiku kule bondeni,
foleni ya vyombo, wenye vyombo wamelala ubavuni pake,
chemchemi ikitoa maji kama bahili anayehesabu sarafu;
na kile kilima cha kurudi.
Siku moja aliteleza, nyumba ikiwa inaonekana,
mtungi ukapasuka chini ya mkorosho.
Mama yake hakumpiga.
Alichuchumaa tu, akautazama ule unyevu
mpaka udongo ulipokauka.

Muuza ubuyu akapita. Tukanunua wa mia tano mia tano.

Bibi, shika! Tamimu anarusha dumu, linadunda juu ya maji,
yeye analalia tumbo, anapiga mateke, anacheka na kukohoa.
Dumu tupu kwetu ni matusi, Bibi akasema.
Ukikutana nalo njiani asubuhi unajua kisima kimekataa.
Lakini alikuwa ameshaketi,
maji yakimfika kiunoni, halafu kifuani,
mama yangu kamshika bega hili, mimi lile,
na dumu limekuja lenyewe mpaka mapajani pake
kama mbuzi anayejua nani ana pumba.

Akalikumbatia.
Miguu ikanyanyuka.
Nikaona kucha zake kumi zimetokeza mbele yetu,
hina ya Idi imebaki nusu mwezi kwenye kila moja,
na ile shingo, kwa mara ya kwanza tangu aje,
imelala nyuma, haina kazi.

Akaliambia dumu neno kwa Kimakonde.
Mimi sikulidaka.
Mama alilidaka, akageuka haraka
kutazama kama kunguru wamefika kwenye ming'oko.

Hatukukaa sana. Jua lilikuwa kali, Tamimu kakanyaga kombe,
bajaji ya pili ikachelewa.

Nyumbani nilimfungulia bomba la uani ajisuuze chumvi.
Akalifunga.
Akaomba ndoo, akaomba kata, ile ya kuchotea.
Kata moja akamwagia miguu.
Kata moja shingo, taratibu, macho kafumba.
Ya tatu aliichota, akaishika kidogo ikiwa imejaa,
akairudisha ndooni.