Herufi ya Tisa

Kitambulisho changu kipya kimeandikwa MWANASIT.
Mashine, ameniambia Kieran, inakubali herufi nane tu,
imekuwa hivyo tangu yeye hajazaliwa,
na yeye ndiye mkuu wangu:
miaka ishirini na sita,
soksi zenye picha za ndizi.

Mimi nina hamsini na mmoja.
Miaka kumi na minane nilishona
ghorofa ya tatu, nyuma ya stesheni ya Leicester,
makwapa ya mashati, makwapa tu.
Shati zima sijawahi kulimaliza.
Siku kiwanda kilipofungwa wenzangu walibeba vitambaa.
Mimi nilichukua chaki bapa ya kuchoria,
bado imo mkobani, imekuwa nyembamba kama ukucha.

Basi chuo cha jioni, Jumanne na Alhamisi,
safu ya nyuma, karibu na hita,
na mwalimu asemaye kama anayekimbizwa.
Nilikuwa natafsiri kimoyomoyo:
wingu, lisilo na mvua;
dirisha, lisilopitisha upepo;
mdudu, asiyeuawa kwa ndara.
Kipanya nilikikamata kama panya kweli,
kwa woga na kwa nguvu kupita kiasi.
Binti yangu Nasra alicheka hadi akakaa sakafuni,
kisha akanishika mkono, vidole juu ya vidole,
kama nilivyomshika yeye mwaka ule wa penseli.

Mtihani nilifeli mara ya kwanza.
Naliandika hilo makusudi.
Nilifeli kwa alama nne,
nikapanda basi, nikapitiliza kituo changu,
nikashukia mwisho wa njia, mvua ya Machi,
nikasimama nje ya duka la samaki na chipsi
nikihesabu: alama nne, paundi mia na themanini,
na wale wanawake wa kiwandani niliokwisha kuwatangazia.
Mdomo uliponza kichwa.

Sasa niko chini ya meza, wodi ya watoto,
natafuta waya uliochomoka.
Mtaka cha mvunguni, nilizoea kuwaambia wanangu,
bila kujua kwamba sharti lenyewe ni magoti.
Yanalia. Muuguzi anauliza kama ni kiti.
Nasema ndiyo, kiti.

Na simu. Hawapigi wakiwa na furaha.
Leo daktari amefungiwa nje ya jina lake mwenyewe,
nywila imemkataa mara tatu,
ananifokea kana kwamba mimi ndiye mlango.
Namwacha afoke. Uzi uliotatana hauvutwi;
unalegezwa, unatafutwa ncha.
"Tuanze na herufi ya kwanza, daktari. Polepole."
Kitufe cha herufi kubwa kilikuwa kimebaki kimewashwa.
Kimya. Kisha asante, kwa sauti ndogo
ya mtu aliyefunga vifungo vya shati kombo
na kugundua akiwa mbele za watu.

Mchana Kieran amenifundisha kuandika amri.
Nukta mkato moja ilikosekana, kila kitu kikagoma.
Alishangaa nilivyoiona upesi.
Mwanangu, nimekodolea mishono iliyoruka
tangu wewe unanyonya,
tena kwa malipo ya kipande.

Kabla ya kutoka nimefungua tiketi, yangu mwenyewe.
Tatizo: jina la fundi limekatwa.
Uharaka: mdogo.
Nafasi katika foleni: mia mbili na kumi na tatu,
nyuma ya printa ya maabara.
Mlalamikaji: nimeandika herufi zote tisa,
mfumo umeiacha i mlangoni.

Sina haraka nayo. Vazi fupi halitupwi.
Unaligeuza, unachungulia ndani ya upindo
kama yule aliyelishona kwanza alibakiza kitambaa.
Mara nyingi alibakiza.