Safu ya Tatu

Fomu ilikuwa na safu mbili tu.
Moja: upo. Sifuri: haupo.
Nilikuwa na penseli, GPS ya chuo,
betri nne za akiba, na chupa ya maji
iliyokwisha kabla hatujavuka korongo la Handali.

Mbele yangu Yudita Chidabwa, sururu begani,
anatembea kama mtu anayefuata deni.
Anasimama. Anabandua gome kwa ukucha,
ananipa nitafune.
Ulimi unakufa ganzi, mate yanajaa.
"Huyu ndiye mlungulungu. Yupo."
Upo, namsahihisha kimoyomoyo, ngeli ya mti,
na ninaandika moja.

Hatua mia mbili: moja.
Hatua elfu: sifuri, sifuri, sifuri,
udongo umepasuka kama kisigino.

Kisha shimo. Si la fisi wala la mhanga.
Shimo la sururu,
shina limelala ubavu na vifundo vyake vya miba,
mchwa wameshaanza kulijengea.
Nikaandika sifuri.
Akauangalia mkono wangu.
"Umeandika nini?"
"Haupo."
"Andika alikuwepo."
"Fomu haina safu hiyo, mama."
"Basi fomu yako haijui Kiswahili."

Akakaa ukingoni, miguu ndani ya shimo.
"Mwaka ule mvua ilipokatika Januari
wajukuu wawili walishikwa homa usiku mmoja.
Nililichimba mimi.
Nilichukua mpaka mzizi wa mwisho,
ule ambao mama alinikataza kuugusa."
Hakusema kama walipona.
Nami fomu haikuwa inauliza.

Mjini, chini ya feni inayolalamika,
nikailisha kompyuta moja zangu na sifuri zangu,
joto la Novemba, urefu wa kiangazi,
mwinuko, chumvi ya udongo.
Ikakokotoa usiku kucha.
Alfajiri ikanipa rangi.

Leo: kijani, Handali mpaka Mpwapwa.
Elfu mbili na hamsini: kijani cha kanga iliyofuliwa mno.
Elfu mbili na sabini: Handali nyeupe,
na kijani kimejikunyata mgongoni mwa Kiboriani,
upana wa kiganja, kule kwenye ukungu.

Nilimpelekea ramani ndani ya bahasha ya kaki.
Hakuuliza asilimia.
Aliweka kidole kwenye weupe, pale nyumba yake ilipo,
akakivuta taratibu hadi mlimani.
"Siku tatu kwa miguu. Hizo ni zangu mimi.
Mti una miguu gani?"

Nikasema ndege hula mbegu.
Nikasema kasi ya ndege hatuijui.
Nikasema modeli haiahidi kwamba utafika,
inasema tu kwamba ukifika hautakataliwa.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Kama mkwe!"
Halafu, bila kicheko:
"Na homa? Nayo itapanda mlima,
au itabaki huku chini na sisi?"

Nilikunja ramani vibaya,
mkunjo ukapita katikati ya Kiboriani.

Wiki ile nikachora safu ya tatu kwa rula.
Dakta Chilongani akavua miwani:
"Hii itaingiaje kwenye hesabu?"
Haiingii.
Mpaka sasa ina mistari thelathini na mmoja,
na kila mmoja una jina la aliyechimba
au la aliyekuwa akiumwa.

Jumamosi tumepanda Kiboriani, mimi na yeye.
Tumepumzika mara tisa; saba kwa ajili yangu.
Kwenye pindo la kanga alifunga mbegu,
nyeusi, zinang'aa kama jicho la panya,
nyingine ameshaambiwa hazitaota,
amezibeba vilevile.

Juu, baridi. Majani nisiyoyajua.
GPS ikapata setilaiti zake, ikatulia:
tupo ndani ya kijani, miaka mingi kabla ya kijani.
Yudita amepiga magoti, anafukua kwa vidole,
sururu ameiacha nyumbani.

Nimefungua fomu.
Moja ni uongo. Sifuri ni haraka.
Nimeandika pembeni, kwa penseli,
kwa ngeli ya watu:
bado hajafika.