Upepo Unaokunyima Huku

Zihindula, fundi vitanda wa Kadutu,
aliunda mashua kwa mbao zilizokataa kuwa kitanda:
ndefu mno, nyembamba mno, zenye fundo katikati.
Tanga ni turubai la lori. Nililishona mimi,
mshono juu ya mshono, kwa uzi wa viatu.
Ndivyo nilivyopata nafasi chomboni:
aliyeshona tanga haachwi ufukweni
siku ya kulijaribu.

Maneno hatukuwa nayo. Kwetu Kivu huvukwa kwa kasia.
Tuliyapata kwa Masudi wa Kalemie, muuza vipuri,
kwa chupa mbili za bia baridi:
joshi, upande upepo unakotoka;
demani, upande unakokwenda;
na demani tena, kamba inayoshika pembe ya tanga.
"Neno moja, kazi mbili?" nikauliza.
"Kama wewe," akasema Zihindula.
"Shona, kisha ukae ukingoni, uzito wako utufae."

Na kubisha, akasema Masudi,
ni kuuendea upepo kwa kupindapinda.
Hilo sikulipia. Kubisha nimekujua tangu nyumbani.

Jumapili. Mashua saba mbele ya La Botte.
Dakika tano, bendera. Dakika moja, firimbi.
Hapa mwenye haraka ndiye mjinga:
ukiuvuka mstari kabla ya mlio unarudishwa
kama mtoto aliyeingia kanisani na matope.
Tunazunguka, tanga linapwaya, linajipiga makofi,
nahesabu kwa kucha, kumi na mbili, kumi na moja,
vuta!
Demani ikakaza mpaka ikanichana kiganja.

Upepo wa kusini, na boya la kwanza
liko huko huko upepo unakotoka.
Hakuna tanga liendalo usoni mwa upepo.
Unaupitia ubavuni, wa kulia, kisha wa kushoto,
kama anayemdai deni mtu mkali:
leo anapita dukani kwake, kesho kwa shemeji yake.

Daktari Kahasha, na mashua yake nyeupe ya kontena,
akajiweka joshi yetu.
Hakutugusa. Hakuvunja kanuni.
Alikula upepo akatuachia makombo,
tanga langu likabonyea kama shavu lisilo na meno.
Tukibisha, anabisha. Tukirudi, anarudi.
Anayeongoza hana haja ya mbio;
kazi yake ni kukufunika.

Ndipo nikaona moshi wa kiwanda cha bia
umelala upande mwingine.
"Unageuka," nikasema.
"Kaa."
"Maji kule yamekunjamana, meusi."
"Kaa, nimeshalenga boya."
Lakini omo ilikuwa ikianguka kidogo kidogo,
na boya alilolilenga likahamia bega lake la kulia.
"Zihindula! Upepo unaokunyima huku
ndio huo huo unaokupa kule. Geuza!"
Alinitazama kama ubao uliosema.
Akasukuma usukani.

Ee, mashua ile!
Fundo la katikati likalia, turubai likajaa,
boya likasimama mbele ya omo kama msumari.
Kahasha alibaki nyuma akijifunika mwenyewe.

Tulikuwa hatua chache tu
wavuvi wa sambaza walipokatiza, wamechelewa kurudi,
mitumbwi mitatu imefungwa pamoja,
fito zimetanda mbele na nyuma.
"Nafasi ya boya!" Zihindula akapaza sauti.
"Nasi nafasi ya soko!" wakajibu, wakicheka.
Kanuni za mbio zina kurasa nyingi.
Hakuna ukurasa wa watu wanaotoka kazini.
Tukalegeza tanga, tukasimama
tukinusa samaki wao,
huku weupe wa Kahasha ukipita nyuma yao, na mwingine tena.

Wa tatu.
Tulivuta mashua mchangani bila neno.
Alifungua kamba, akazikunja, akazikunjua tena.
"Ule moshi," akasema, akitazama vidole vyake,
"ulilala upande gani?"
Sikumjibu upesi.
Mshono wa pili ulikuwa umefumuka,
nami natafuta sindano.