Glavu ya Ishirini na Tatu

Dirishani, thelathini na nane chini ya sifuri.
"Haitoshi kufunga shule," anaguna Tuyaara
kama mteja aliyepunjwa.

Basi vitabu vifungwe wao.
Aisen na ndoo, Nyurgun na koleo,
nendeni, mniletee theluji vikombe kumi,
vijae pomoni, msishindilie.

Itatupa maji kiasi gani?
Kumi, wanasema. Tisa.
"Kumi na moja!" Aisen huyo, hapendi kupitwa.
Jikoni theluji inanywea, inanywea,
sufuria inabaki na aibu yake.
Tunapima: kikombe kimoja,
na matone mawili ya ubishi.
"Mwalimu, tisa kala nani?"
Sijibu. Naandika swali ubaoni, nalizungushia duara.

Ukumbini yamepangwa mabonge ya barafu
aliyotukatia ziwani baba yake Kyunney.
Rula zinatambaa juu yake: urefu, upana, kimo,
pumzi za watoto zinaacha ukungu kwenye namba.
Bonge moja, chai ya darasa siku nne.
Mabonge ni thelathini na moja.
Tuyaara anahesabu vidole, vinamwishia,
anaazima vya jirani.
Siku mia moja ishirini na nne!
Mwisho wa Mei, ziwa likifumbua jicho,
tutakuwa tumelinywa kipande.

Kisha glavu, juu ya bomba la joto, zinanuka pamba mbichi.
Tuzihesabu mbilimbili:
mbili, nne, sita… ishirini na mbili,
na moja.
Nilikuwa nimeandaa maneno:
witiri ni namba ambayo mmoja wake hana mwenzi.
Lakini Nyurgun amevuta mkono ndani ya shati,
na nakumbuka koleo,
na chuma chake,
na mimi ndiye niliyemtuma.

Maneno yangu yakakwama.
Kyunney akapekua mfuko wa koti.
Bibi yake humfumia tatu tatu,
anamjua mjukuu wake.
Akaitoa ya tatu, nyekundu,
akaipachika kando ya ile ya kijivu.
"Ishirini na nne," akasema. "Shufwa."
"Hazifanani!" Aisen akapinga.
"Nani kasema zifanane?"

Kengele. Vidole vyake navisugua kwa vyangu
mpaka vinawasha, mpaka analalamika,
na lalamiko hilo nalipokea kama jibu sahihi.

Aisen yuko jikoni bado,
ameinamia sufuria tupu,
anawatafuta wale tisa.