Kiima Kitupu

Jumatatu saa mbili, Laroo, chumba chenye dirisha lisilofunga,
Dokta Lamunu anachora mti kichwa chini:
shina juu, matawi yanaporomoka,
kirai nomino huku, kirai kitenzi kule,
na chini kabisa maneno yananing'inia
kama popo mchana.

Anasema: Kiingereza hakivumilii kiti kitupu.
Mvua ikinyesha Gulu, hakina wa kumtaja,
basi hukiita kineno cha herufi mbili
kije kikae mahali pa mtenda.
Hakina uso, hakina mikono, hakinyeshi chochote.
Ayaa, mbele yangu, akacheka:
"Kama mlinzi wa benki usiku. Amelala, lakini yupo."
Tukaandika na hilo.

Mimi kwetu mvua hunyesha yenyewe.
Nimelelewa kambini, nyumba za bati za mviringo,
Kinubi cha bibi jikoni, Kiacholi cha kisimani,
na Kiswahili cha gwaride kisichojali ngeli:
"kitu yangu," "watu ingine."
Kwa lugha hiyo baba alituaga,
buti moja tayari mguuni.
"Nitarudi."
Leo nalipasua mezani neno lile:
ni, yeye; ta, kesho; rudi.
Sentensi nzima imeenea tumboni mwa neno moja,
haikuhitaji mti.

Wiki ya tano, maswali.
Kwa Kiingereza neno la kuuliza halitulii,
linanyanyuka kutoka mwisho, linakimbilia mbele,
na pale lilipokuwa linaacha unyayo.
Dokta anauandika kwa herufi moja ndogo.
Hautamkwi, ila upo,
na ukiusahau unakatwa alama mbili.

Nikawaza swali la mama.
Amekwenda wapi?
Hilo "wapi" lake halijawahi kusogea.
Mwaka wa kumi na moja huu liko palepale mwishoni,
kama yeye mwenyewe mlangoni, anasuka kawa,
zambarau juu ya rangi ya machungwa,
kawa za kufunikia vyakula vya watu wengine.

Mwisho wa muhula: leteni sentensi moja halisi,
maneno yasipungue ishirini, mchore.
Wengine walileta magazeti.
Ojara alileta karatasi ya dawa ya malaria.
Mimi nilifungua sanduku la mama
nikatoa barua ya jeshi, mkunjo umechanika katikati.

Inaanza na kile kineno cha herufi mbili.
Kimejikalisha mahali pa mtenda, kinasema
inasikitikiwa
(hata kulitafsiri kunaumiza ulimi)
kwamba alitumwa mpakani. Na nani?
Kwamba alitafutwa. Na nani?
Vitenzi vitatu, vyote vya kutendwa,
na sikuona mkono hata mmoja.

Miaka kumi na moja mama alidhani
haelewi kwa sababu hajui Kiingereza.

Nilichora mpaka jenereta ya hosteli ikazimwa.
Kisha kwa penseli, pembeni,
nikaongeza tawi moja,
mwisho wake nikauacha bila neno.

Karatasi imerudi leo. Kumi na nne kwa ishirini.
Wino mwekundu umelizungushia tawi langu:
"Sentensi haina hiki."
Na chini yake, mwandiko mdogo zaidi,
kama aliyeondoka akarudi kuandika:
"Pita ofisini."

Sijapita bado.
Mama alipiga simu jana, uzi wa machungwa umemwishia,
nimekwenda kwanza sokoni kuununua.
Uko mfukoni, pamoja na barua.
Nimejibanza kibarazani mwa duka la mbegu,
muuzaji ananiuliza nasubiri nani.
Namwambia, mvua.