Kisima cha Mvua, Kitangali

Mwezi wa saba bloa zinakoroma tangu alfajiri,
ukungu wa dawa ya mikorosho unatua batini kwetu.
Mvua ya kwanza huliosha bati.
Maji hayo ndiyo kisima.

Mama alinifunza: chemsha, uue vijidudu.
Leo natia vijidudu majini kwa mkono wangu.

Wamekaushwa, wamelala kwenye kikaratasi
upana wa kucha. Maabara waliandikwa upya,
herufi chache tu za urithi wao:
wakionja sumu, wang'ae.

Tone moja. Dirisha nimeliziba kwa khanga.
Mama kanipa mgongo, anachambua kunde
kwa kupapasa.

Nusu saa.
Cha bomba la sokoni, giza.
Cha dumu la dukani, giza.
Chetu kijani, kijani kama jicho la paka.

"Basi nichemshe tena?"
Mama, hii haifi kwa moto.

Akafungua dirisha, akaitazama mikorosho,
ada yangu yote ya shule imesimama pale kwa mistari.
"Na sisi tunaiita dawa," akasema.

Kisha akaifunika ndoo kwa ungo.
Hakuimwaga.
Huku juu maji hayamwagwi
kabla hujajua utateka wapi mengine.